Bushi za unga wa shaba na bati: msimu mmoja wa joto kwenye meza yangu

Natengeneza feni na mota ndogo hapa Dar es Salaam. Joto likishaanza, kuanzia Novemba hadi Machi, meza yangu hujaa feni za watu. Pangaboi siziweki katika habari hii, kwani nyingi hutembea kwa beringi za gololi. Nazungumzia feni za mezani na za kusimama, ambazo shafti yake huzunguka ndani ya bushi ndogo ya mviringo, yenye rangi ya kahawia iliyokaribia dhahabu, iliyobanwa na kibati cha springi na kuzungushiwa pete ya felti, kitambaa kizito kinachoshika oili.

Feni nyingi zinazoletwa kwangu na maneno "fundi, imeungua" hazijaungua. Bushi imekauka, shafti imeng'ang'ania, mota inanguruma bila kuzunguka. Kwa miaka mingi nilikuwa naweka bushi yoyote niliyoikuta dukani Kariakoo, na baadhi ya feni zikawa zinarudi kabla hata ya mwezi. Kurudishiwa kazi ni aibu kwa fundi. Msimu huu nikaamua kulipa mara mbili ya bei niliyozoea, nikanunua pakiti za bushi za bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) za shafti ya milimita 8, nikaziweka sambamba na zile za bei ya chini ili nione kwa macho yangu.

Tofauti inaanzia kwenye unga. Bushi hizi hazikerezwi kutoka kwenye nondo ya shaba. Hutengenezwa kwa unga wa shaba nyekundu uliochanganywa na unga wa bati, kwa kawaida sehemu 90 kwa 10, ukashindiliwa ndani ya kalibu kwa presi, kisha ukaokwa. (Bati hili si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Ni bati lenyewe, linalochimbwa Kyerwa kule Kagera na Kivu kwa ndugu zetu wa Kongo, na ambalo mafundi redio wanalo kwenye lehemu.) Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za selsiasi, shaba mpaka 1085. Tanuri huwekwa katikati, kama nyuzi 800 hadi 850, tena ndani ya gesi isiyo na oksijeni ili unga usiungue. Shaba inabaki ngumu, bati linakuwa maji, linapenya kati ya chembe za shaba na kuingia ndani yake, na hapo ndipo bronzi inapozaliwa. Pale chembe ya bati ilipokuwa imekaa panabaki kitundu.

Vitundu hivyo ndivyo tunavyovinunua. Kwenye bushi nzuri huchukua kati ya asilimia 18 na 25 ya ujazo wake, na kiwandani hujazwa oili baada ya hewa kunyonywa. Aliyewahi kunywa maji ya mtungi ataelewa mara moja: mtungi wa udongo unatoka jasho kwa nje kwa sababu mwili wake una njia ndogondogo. Bushi nayo ni hivyo. Shafti ikizunguka na joto likipanda, oili inatoka kulainisha. Feni ikizimwa na kupoa, oili inanyonywa kurudi ndani kama mafuta ya taa kwenye utambi. Chrysler ya Marekani iliziuza kwa jina la Oilite tangu miaka ya 1930, na mpaka leo sijaona kitu kinachofaa zaidi kwa mota ndogo isiyo na mtu wa kuikumbuka kuitia oili.

Sasa pakiti zangu. Bushi za bei ya juu nilizipasha moja moja kwa kiberiti cha gesi, sekunde chache tu, matone madogo ya oili yakachomoza mwili mzima, zilipopoa yakaingia ndani. Nilikwangua kwa ukucha, hakikutoka kitu. Zile za bei ya chini zilikuwa za aina mbili. Nyingine zilinaswa na sumaku, yaani ndani ni chuma chenye rangi ya shaba juu. Chuma cha unga kina kazi zake, lakini kwa hewa hii ya chumvi ya pwani kinashika kutu. Nyingine hazikunaswa, ila rangi yake ilikuwa nyekundu mno na ukucha uliondoka na vumbi. Mimi naisoma kwamba bati lilikuwa pungufu au tanuri halikufika, chembe zikabaki majirani bila kushikana. Moja ilimeguka mkononi nikiipanga kwenye kibati chake.

Feni zote nilizofunga bushi nzuri msimu huu bado zinazunguka, isipokuwa moja, na hiyo kosa lilikuwa langu. Shafti iliingia kwa kubana kidogo, nikapitisha msasa ndani ya bushi. Ikalegea vizuri, nikafurahi, baada ya wiki mbili mama mwenye feni akarudi. Nilipoifungua niliona uso wa ndani umekuwa laini unaong'aa: msasa ulikuwa umeburuta shaba ikafunika vitundu, na punje za mchanga zikabaki zimejichimbia humo zikila shafti. Nilimfungia nyingine bila malipo. Bushi ikibana, ninaisafisha shafti, na bushi yenyewe siigusi.

Grisi nayo iwekeni mbali, inaziba. Mafuta ya kupikia, ambayo wateja wengi humimina wenyewe nyumbani, yanageuka gundi. Oili ya cherehani inasaidia kwa siku chache, ni nyepesi na inakwisha upesi. Mimi natumia oili ya madini ya SAE 30 (namba ya uzito wa oili), nailoweka felti mpaka ishibe, na bushi iliyokaa dukani ikakauka nailaza usiku kucha kwenye oili niliyoipasha hadi kidole hakivumilii.

Malalamiko ninayo. Pakiti hazikuandikwa kiasi cha bati, wala aina ya oili iliyomo, na kipimo cha tundu kiliandikwa "8" tu wakati kwenye venia, kipimo changu cha milimita, nilipata bushi mbili zilizopishana kiasi cha kumfanya fundi ahangaike. Kwa bei ile, kipimo kamili kingeandikwa.

Pia nilijaribu bushi ndefu za aina hiyo kwenye toroli la mwenzangu mjenzi, nikazipigilia kwa nyundo. Ya kwanza ilipasuka palepale. Ya pili iliingia kwa kibano, ikahimili siku chache za kokoto na mashimo, kisha ikavunjika kingo. Uzito mkubwa, mwendo wa polepole na kugongwagongwa haviendani na kitu chenye vitundu. Toroli lile sasa lina bushi ya shaba ngumu aliyoikereza fundi wa Gerezani, na mjenzi huitia grisi kila Jumamosi.