Tahadhari kwa wanaotafuta watoto wa mbwa wa Boerboel hapa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa ninyi mliohamia Nzuguni, Ihumwa na Mtumba na mnatafuta mbwa mkubwa wa kulinda nyumba ambayo bado haina majirani, naomba msome haya kabla hamjamtumia mtu pesa.

Mwezi Mei nilinunua mtoto wa mbwa aliyetangazwa kuwa Boerboel halisi, mbegu ya Afrika Kusini ambayo dume lake likikomaa huweza kuvuka kilo 60. Muuzaji alinitumia picha za wazazi, akasema mtoto amezaliwa tarehe 3 Machi na chanjo zake zimekamilika, kisha akataka nitangulize nusu ya shilingi 600,000 kwa simu ili asimpe mteja mwingine. Nilipoomba kufika kwake nimwone mama, alijibu kwamba mama ni mkali na hataki wageni karibu na watoto, nami nikaridhika. Tulikutana stendi ya mabasi ya Nanenane, akanikabidhi boksi na kadi ya chanjo, akaondoka kabla sijamaliza kulifungua.

Siku ya tano mtoto alikataa maziwa, akaanza kutapika, na usiku akaharisha damu yenye harufu ambayo hadi leo sijaisahau. Daktari wa mifugo alimpima akakuta ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Kabla ya kumtundikia dripu alimfunua mdomo akanionyesha: meno ya mbele na chonge yalikuwa yameota, lakini magego ya maziwa ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza kwenye ufizi. Umri wake haukuzidi wiki 6, wakati mimi niliuziwa kama wa wiki 10. Kisha akaishika ile kadi. Chanjo ya kwanza iliandikwa tarehe 12 Machi, yaani mtoto akiwa na siku 9 kwa hesabu ya muuzaji mwenyewe, ilhali chanjo hiyo huanza kutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi mtoto afikishe wiki 16. Hapakuwa na lebo hata moja iliyobanduliwa kwenye chupa ya dawa na kubandikwa kwenye kadi, wala mhuri wa daktari. Mtoto alikufa siku ya tatu akiwa kwenye dripu.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni kwamba mtoto huyu aliachishwa ziwa mapema mno. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama yake na ndugu zake angalau wiki 8, kwa sababu hapo ndipo anapojifunza, kwa kung'ata na kung'atwa, ni wapi meno yake yaishie. Kwa mbwa atakayekuja kuwa na uzito wa mtu mzima, tena nyumba yenye watoto, pengo hilo ni la hatari hata kama angepona.

Kwa hiyo, mama asipoonekana kwa macho akiwa na watoto wake, msilipe hata shilingi moja, na wala picha isikubaliwe badala yake. Kadi isomeni tarehe kwa tarehe mkilinganisha na siku ya kuzaliwa, kisha mpigieni daktari aliyeisaini. Muuzaji mkweli hatakataa mumpeleke mtoto kwa daktari mliyemchagua ninyi kabla ya kumalizia malipo.

Sitaji jina wala namba ya muuzaji kwa kuwa suala liko polisi. Lakini kama ulipokea mtoto wa mbwa pale stendi kwa utaratibu huu mwezi Aprili au Mei, tafadhali mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usisubiri aanze kutapika, na usimchanganye na mbwa wengine. Na iwapo wako alikwisha kufa, usilete mtoto mwingine asiyechanjwa kwenye uwanja huo huo, kwa kuwa virusi vya parvo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Banda langu liko tupu, na daktari amenitaka liendelee kuwa hivyo.