Hot: ni ya moto ama ni kali?

Hili neno hot la Kiingereza lachanganya watu wallahi, maana kwa Mwingereza chai imetoka jikoni saa hii ni hot na pilipili pia ni hot, lakini sisi hapa Mombasa twatenga. Mgeni akikuuliza pale ufuoni Mama Ngina kama mihogo ni hot usikimbilie kujibu ndio, muulize kwanza ataka kujua moto ama ukali. Cha moto ukikipuliza chapoa. Ukali haupoi hata mhogo ulale, na maji hayasaidii, kunywa maziwa. Ila Waingereza hawakukosea sana, kapsaisini, ile kemikali iletayo ukali wa pilipili, huamsha neva zile zile zinazohisi joto, ndio ulimi waungua. Na jua? Wao hot, sisi kali.