Mirihi au mawingu ya Zuhura, tukaishi wapi?

Watu wengi wakisikia kuhamia sayari nyingine wanawaza Mirihi tu, ila Zuhura nayo ina hoja nzito jamani. Chini pale haiwezekani, joto linapita digrii 460 na presha ni kama mara 90 ya hapa kwetu, lakini panda juu kilomita 55 hivi, joto linashuka mpaka kama la Dar, presha inabaki nusu ya yetu, na kwa vile hewa ya kule ni kabonidayoksaidi ambayo ni nzito, hii hewa tunayovuta sisi inatosha kabisa kuinua puto lenye nyumba ndani. Wasovieti walisharusha maputo mawili huko 1985 yakaelea karibu siku mbili! Nguvu ya mvutano nayo ni asilimia 90 ya ile ya dunia.

Mirihi mvutano ni asilimia 38 tu, baridi kali, hewa nyembamba haizuii mionzi. Ila kuna barafu, kuna udongo wa kufukia nyumba, na kimashine cha NASA kiitwacho MOXIE kilishatoa oksijeni kwenye hewa ya palepale, gramu 122 kwa jumla. Zuhura maji utayakamua kwenye matone ya asidi ya mawingu yake, na chuma cha kujengea hamna. Mi nachagua Mirihi, ingawa roho yangu iko kule mawinguni.