Kebo za balansi nilizojitengenezea: mvumo umekwisha, vidole vimeungua

Sabufa yangu ilikuwa ikivuma hata filamu ikiwa imesimamishwa. Haikuwa kelele kubwa. Ulikuwa ule mvumo mzito wa chini, kama friji iliyo chumba cha pili, ambao huusikii magari yakigongana lakini unakukaa sikioni pale mtu anaponong'ona. Niliuvumilia karibu mwaka mzima huku nikilaumu sabufa, kisha umeme, kisha masikio yangu.

Mkosaji alikuwa kebo ya RCA, ile ya kawaida ya sauti yenye pini moja katikati, au niseme namna nilivyoitumia. Ilikuwa na urefu wa karibu mita tisa, imelala sambamba na nyaya za umeme nyuma ya kabati, na huku prosesa (kifaa kinachogawa sauti kwa spika zote) na sabufa zimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na waya wake wa ardhi. Hapo umeshaunda mzunguko: mkondo mdogo unatoka ardhi ya kifaa hiki hadi ardhi ya kile kupitia wavu wa shaba wa kebo ya sauti. Kwenye RCA wavu huohuo ndio njia ya kurudia ya sauti yenyewe, kwa hiyo taka za umeme zinaingia moja kwa moja kwenye muziki. Kuna watu wanaotibu hili kwa kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Usithubutu. Waya ule upo ili kifaa kikiharibika umeme upite huko badala ya kupita mwilini mwako.

Kebo ya balansi ina nyaya mbili za sauti na wavu unaozizunguka. Sauti inapita kwenye waya mmoja ikiwa chanya na kwenye wa pili ikiwa imegeuzwa, halafu kifaa cha kupokea kinachukua tofauti kati ya hizo mbili. Kelele iliyodandia njiani imezipata nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri na inajifuta. Vifaa vyangu vyote vya mbele vilikuwa na matundu ya XLR, yale ya pini tatu yanayopokea kebo ya balansi, tangu siku ya kwanza. Sikuwa nimeyagusa kwa sababu ndani ya boksi mlikuwa na RCA. Basi kabla hujatoa hata senti, geuza vifaa vyako uangalie mgongoni: balansi inafaa pale tu ambapo pande zote mbili zinaijua.

Kwa nini nisinunue zilizo tayari? Urefu. Za dukani zinakuja na vipimo vyao, nami nilihitaji tatu fupi za sentimita 70 kutoka prosesa hadi amplifaya na moja ya mita nane na nusu kwenda kwenye sabufa. Sikutaka tena kuviringisha kebo iliyozidi nyuma ya kabati, juu ya nyaya zilezile za umeme.

Nilichukua waya wa Canare L-4E6S na vichwa vya Neutrik, NC3FXX jike na NC3MXX dume. Waya una unene wa milimita 6 na vichwa hivi vinapokea hadi milimita 8, kwa hiyo vinabana vizuri bila kulazimisha. Kinachonifurahisha kwenye vichwa hivyo ni kwamba havina skrubu hata moja. Ukikaza kifuniko cha nyuma, meno ya plastiki ndani yanaishika kebo. Nilinunua pia vichwa vingine vya bei ya chini visivyo na jina, nikasema vya kujifunzia. Plastiki yake ililainika pasi ya kulehemu ilipogusa tu, pini zikainama kila moja na upande wake, na cha pili hakikuingia kwenye kifaa tena. Nimevitupa vyote. Kujifunza kulehemu kwa kichwa kibovu ni kujifunza kulaumu mkono wako bure.

Waya huo una nyuzi nne, mbili za buluu na mbili nyeupe, zimesokotwa pamoja. Unaunganisha za buluu mbili ziwe waya mmoja, nyeupe mbili ziwe wa pili. Mpangilio huo unazipa njia zote mbili nafasi sawa mbele ya uga wa sumaku wa nyaya za umeme, na ndiyo maana unasifika kwa kukataa mvumo. Je, kwa sentimita 70 ndani ya kabati ulikuwa wa lazima? Hapana. Waya wa kawaida wa nyuzi mbili ungetosha kabisa, na una kazi nusu. Mimi nilinunua mmoja kwa wote kwa sababu ya ile ndefu.

Kazi yenyewe sasa. Unachuna ngozi ya nje kama sentimita mbili, kwa mkono mwepesi, maana kisu kikizidi kinakata nyuzi za wavu. Chini yake kuna wavu wa shaba uliosukwa. Waya wowote wenye wavu wa kusukwa unataka subira hapa: unaufumua kwa ncha ya sindano, uzi baada ya uzi, kisha unausokota uwe mkia mmoja. Nilitumia karibu robo saa kwa wa kwanza. Wa nane ulinichukua dakika tatu.

Halafu unaweka lehemu kwanza kwenye waya na kwenye kikombe cha pini, kila kimoja peke yake, ndipo unavikutanisha. Nilitumia lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, ambayo huyeyuka nyuzi joto 183 na kuganda papo hapo. Pasi niliiweka kwenye 350. Unagusisha pasi kwenye kikombe, lehemu ya ndani inang'aa kama tone la maji, unaingiza waya, unaondoa pasi, unatulia tuli hadi ule mng'ao ugande. Ukitikisika hata kidogo kiungo kinatoka kimeparuza, rangi ya majivu, kirudie. Kabla ya yote, chomeka kichwa unacholehemu kwenye mwenzake wa jinsia nyingine. Kinakaa imara mezani, na pini haziwezi kuhama plastiki ikipata moto. Pia kausha jasho lako na ufungue dirisha, moshi wa lehemu si wa kuvuta.

Kosa nililolirudia mara tatu, na kila anayefanya kazi hii atalifanya: kumaliza kulehemu pini zote tatu, kusifia kazi yako, kisha kugeuka na kukuta kifuniko cha nyuma kimelala mezani kinakutazama. Kilipaswa kuvishwa kwenye kebo kabla ya yote. Hakuna ujanja, unafumua unaanza upya.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. Pini namba 1 ni ya wavu, namba 2 chanya, namba 3 hasi. Namba zimechorwa kwenye plastiki kwa maandishi madogo mno, na ukivitazama vichwa kwa nyuma, dume na jike vimepangwa kama sura na kioo. Kwenye kebo ya kushoto nilifuata macho badala ya namba, nikabadilishana 2 na 3 upande mmoja. Kebo ilifanya kazi! Sauti ilitoka. Lakini muziki ulikosa katikati, mwimbaji alikuwa kama amesimama nyuma ya kichwa changu, na besi imekonda. Nilihamisha spika jioni nzima, nikazielekeza ndani, nikazirudisha, nikasogeza hadi kochi. Ndipo nikachukua multimita, kipimo cha umeme kinacholia pale ncha mbili zinapokuwa zimeungana. Ililia kati ya 2 ya upande mmoja na 3 ya upande wa pili, na aibu ikanijaa.

Siku hizi sichomeki kitu kabla ya kupima: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3 ilie, nyingine zote zinyamaze, huku natikisa kebo. Na kumbuka, sauti hutoka kwenye pini na kuingia kwenye matundu, kwa hiyo kichwa jike kinakwenda kwenye prosesa na dume kwenye amplifaya. Wavu nimeuunga pande zote mbili na sijapata tatizo. Kwako mvumo ukibaki hata kwa kebo nzima, shuku kifaa chenyewe: kuna vifaa ambavyo pini namba 1 imepelekwa kwenye saketi ya ndani badala ya kasha la chuma la kifaa, kasoro ambayo Neil Muncy aliieleza kwa kina mwaka 1995 katika jarida la Audio Engineering Society.

Matokeo? Siku niliyochomeka ile ndefu, mke wangu aliingia sebuleni akauliza, "Leo umeizima sabufa?" Ilikuwa inawaka.

Kwa upande wa ubora wa sauti, nitasema ukweli ingawa utawaudhi wauza kebo: zaidi ya ukimya, sisikii tofauti. Mara ya kwanza nilidhani ninasikia, besi nzito, sauti pana. Kumbe vifaa vingi hutoa volti mara mbili kwenye XLR kuliko kwenye RCA, yaani desibeli 6 za ziada, na sikio hukiita kilicho juu kizuri. Nilipopima upya viwango vya spika na kuvirudisha sawa, maajabu yakaisha. Spika za nyuma nimeziacha na RCA zake fupi. Amplifaya yake haina XLR na hazijawahi kuvuma.

Wiki iliyopita ile ya sabufa ilianza kukatakata. Ufagio ulikuwa umeivuta mara nyingi. Nilifungua kifuniko kwa mkono, nikaona waya mweupe umeachia kikombe, nikawasha pasi, na baada ya dakika kumi filamu iliendelea. Safari hii kifuniko kilikuwa kimeshavishwa.