Chanjo ya mdondo ya I-2: inavyofaa kwa kuku wa kienyeji Tabora

Kwa mfugaji wa Uyui, Sikonge au Nzega mwenye kuku ishirini wanaolala jikoni, hakuna chanjo ya mdondo (kideri, ugonjwa wa kirusi unaoua kuku) inayomfaa kuliko hii ya I-2. Hapa nchini hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kwa jina la TEMEVAC, na wakala huo una kituo Tabora mjini. Mbegu ya kirusi chake ni kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na maabara za nchi kama yetu zilipewa bure. Mtafiti wa aina hiyo, anayemfikiria mama mwenye matetea matano, anastahili shukrani.

Sifa yake kubwa ni kuvumilia joto. Ikiwa kavu na gizani, hudumu na nguvu takriban wiki 8 kwenye nyuzi 28, ambapo chanjo ya kawaida ya mdondo ingekuwa imekufa zamani. Lakini kuvumilia joto si kuvumilia jua. Kichupa kilichosafiri hadi Kitunda, kule Sikonge, kwenye mfuko wa shati, juu ya pikipiki, mchana wa Oktoba, usikitumainie. Kifunge kwa kitambaa kibichi, kitie kwenye kikapu chenye mfuniko, na ukifika nyumbani kiweke kivulini kando ya mtungi wa maji.

Kuchanganya ni rahisi. Tumia kimiminika kinachouzwa pamoja nayo. Kikikosekana, maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yenye klorini huua kirusi, na chombo kilichooshwa kwa dawa hufanya vivyo hivyo. Ukishachanganya, maliza siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe iko kwenye tone. Kuku mmoja, jicho moja, tone moja, awe kifaranga wa siku moja au jogoo mzee. Mlaze ubavu, shika kichupa wima, mdomo chini, bila kukiinamisha kando, na subiri tone litue juu ya mboni. Usimwachie papo hapo: ngoja apepese, tone litandae na kuzama. Nyuma ya jicho kuna tezi inayoamsha kinga, na sehemu ya dawa hushuka puani na kooni. Tone likiangukia manyoya ya shavuni, rudia. Kasoro ya bidhaa ni hapa: vidondoleo havifanani, na kichupa kikiinamishwa au kikiwa na mapovu, tone hubadilika ukubwa, dawa ikaisha kabla ya kuku au kuku wakapata pungufu. Kabla ya kuanza, hesabu matone yanayotoka katika mililita moja, ndipo utajua kichupa kitafikisha kuku wangapi.

Lawama nyingi dhidi ya chanjo hii hazina haki. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, nayo si tiba. Kuku aliyekwisha kuambukizwa atapinda shingo, ataharisha kijani na atakufa hata ukimchanja leo, kisha kijiji kizima kitasema dawa ndiyo iliyoua. I-2 haimfanyi kuku augue, wala haiwafanyi vifaranga wakohoe kama LaSota, chanjo nyingine ya mdondo, inavyoweza kufanya. Mdondo ukishaingia kwa jirani, wewe umechelewa kuchanja.

Rudia kila miezi minne. Kwa Tabora tunapendekeza Januari, Mei na Septemba, ili duru ya Mei ikitangulie kiangazi. Pengo baya ni vifaranga wanaoanguliwa katikati ya duru, maana hao hawana kinga yao wenyewe.

Kwa banda la kuku maelfu hatuipendekezi kwa njia hii ya jicho, mikono haitoshi. Kwa vijijini, kichupa kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo nyumba za kitongoji zichangie na zichanje siku moja, alfajiri kabla ya kuwafungulia. Saa mbili baadaye wako kwenye mashamba ya tumbaku na hutawapata.