Ukurasa wa Toyota Japani wa kukagua kasoro: unamfaa mnunuzi wa Kampala?

Unamfaa, tena ni wa bure, ila waliouunda walimfikiria Mjapani tu. Unaingiza namba ya chesisi, unaambiwa kama gari liliitwa kurekebishwa kasoro ya kiwandani na kama kazi ilifanyika. Ukurasa wa serikali ya Marekani hausaidii hapa: unataka namba ya herufi na tarakimu 17, na magari ya Japani yaliyojaa kwenye bondi (yadi za forodha zinakouzwa magari) za Nakawa hayana. Yao huanza na kitu kama SCP90 (hiyo ni Vitz), kisha kistari, kisha tarakimu 7. Ukikataliwa huko, dalali asikwambie kwamba maana yake gari ni safi.

Namba isome kwenye gari lenyewe, uilinganishe na cheti cha kufuta usajili Japani. Muuzaji akiificha, nenda bondi ya jirani. Yaliyo kabla ya kistari yanaingia kisanduku cha kwanza, tarakimu cha pili. Majibu ni Kijapani kitupu, na hapo ndipo ukurasa unapopoteza alama. Tafsiri ya simu inatosha, lakini zishike alama hizi: 未実施, yaani kazi haijafanyika.

Kubwa la kutafuta ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa kwenye Vitz, Corolla, Honda Fit na mengine mengi. (Honda wana ukurasa wao.) Baruti inayoujaza mfuko ni amonia naitreti, na joto na unyevu wa miaka huiharibu, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka na vipande vinamrukia aliyeketi mbele. Takata ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani Marekani mwaka 2017. Tangu Mei 2018 Japani haiyapitishi kwenye ukaguzi magari yenye mifuko ya hatari zaidi ambayo haijabadilishwa, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo ana kila sababu ya kuliuza nje.

Taa ya SRS (ya mifuko ya hewa, kwenye dashibodi) haitakuonya. Inapima nyaya na saketi, haioni baruti iliyooza. Hata hivyo iangalie: ukifungua swichi iwake kama sekunde 6, izime. Isipowaka kabisa, kuna aliyetoa balbu. Ikizimika sawia na taa ya oili, huenda waya wake umeungwa huko ili kuficha hitilafu.

Cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa kinahusu hali ya gari siku ile. Usikifanye jibu la swali la kasoro ya kiwandani. Na mfuko wa hewa uliochomolewa gari jingine, wa pale soko la vipuri la Kisekka, usiukubali, unaweza kuwa Takata ileile.

Ukikuta 未実施, usilipe hata arbuni kabla wakala rasmi wa Kampala hajakujibu mambo mawili: kifaa kipya kipo, na gari lililoagizwa kutoka Japani atalihudumia bure? Akikataa, gharama itoke kwenye bei. Fundi atakayelifungua atoe waya wa betri, asubiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote.