Dawa ya bluu ya kupulizia kwa malengelenge ya kidari: inafaa, ila si kwa kila uvimbe

Jogoo wa kuchi akivimba kidari, wafugaji wengi wa Mtwara hukimbilia kopo la dawa ya bluu yenye oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Kwa ngozi iliyochubuka ni nzuri: hukauka upesi na rangi huonyesha ulipopuliza. Kwa uvimbe uliofunga ni kupoteza hela, maana haifiki ndani. Uvimbe wa majimaji, usio na joto, usiutoboe. Mhamishie jogoo kwenye maranda makavu yenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Wenye usaha upasuliwe na mtaalamu wa mifugo upande wa chini ili utiririke wote, usafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, gramu 9 za chumvi kwa lita, ndipo upulize. Viungo vya miguu vikivimba pia, shuku maikoplazima, ugonjwa wa bakteria. Hapo kopo halina kazi.

Mkorofi hasa ni banda. Jogoo wa kilo 4 akilalia ufito mwembamba wa mwanzi, mfupa wa kidari hubanwa usiku kucha. Weka ubao wa sentimita 7, kingo zipigwe randa, kimo kisizidi sentimita 30. Mvua za Desemba hadi Aprili zikilowesha maranda, yatoe yote, kugeuza hakutoshi. Kabla ya kuchinja, soma kwenye kopo siku za kusubiri.